Ndege Iliyorudi Gore

Aliingia dukani pamoja na moshi. Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Hidar kwa kalenda yetu, siku ambayo kila nyumba ya Bishoftu huchoma taka zake nje ya lango ili kuyafukuza maradhi ya zamani, na tangu alfajiri mji ulikuwa umefunikwa shuka la kijivu. Mlango ulifunguka, moshi ukatangulia, kisha akatokea mwanamke mzee, mfupi, amejitanda netela nyeupe ya kutokea kanisani kwa Mtakatifu Mikaeli. Kifuani alikuwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, kwa namna mtu anavyombeba mtoto mchanga asije akapigwa na upepo.

"Karibu, mama," alisema Gudeta, mwenye duka, akamtupia jicho moja, akarudi kwenye simu aliyokuwa akiibadilisha kioo. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa chuma," akajibu yule mama.

Akakifungua kile kitambaa juu ya meza yetu. Ulikuwa usukani wa ndege, mweusi, umbo la nusu duara, vishikio vyake vimesuguliwa na viganja mpaka vikang'aa.

Gudeta aliacha kazi. "Mama yangu, hapa tunatengeneza simu. Ndege ziko kambini, ukivuka reli."

"Kambini nimeishi miaka thelathini, mwanangu. Kule hawatengenezi kitu." Akanigeukia mimi. "Usukani wenyewe ni mzima. Nimeuleta msije mkadhani nimechanganyikiwa. Kinachougua ni kumbukumbu."

Nilikuwa na miezi mitano tu tangu nivae joho huko Adama, nimesomea kompyuta, na dukani kwa Gudeta nilikuwa nikingoja maisha yaanze. Bado niliamini kwamba kila kiharibikacho kina sababu yake, na kwamba sababu ikishatajwa kwa jina, uharibifu huona haya ukaondoka. Nikamvutia kiti.

Jina lake lilikuwa Yeshimebet. Marehemu mumewe, Kapteni Dagnachew, alikuwa rubani wa ndege za mizigo za jeshi. Alipostaafu alijijengea chumbani ndege ya kuigiza: kompyuta moja, skrini tatu, kiti kilichong'olewa kwenye ndege chakavu, na programu inayoonyesha milima, mawingu na viwanja vya nchi nzima. Mtu huketi, akaruka, akatua, na chai yake haijapoa. Kapteni alifariki mwaka uliopita, mwezi wa Tahsas, unaofuata Hidar. Mwaka ulikuwa haujatimia.

"Siku zake za mwisho aliniambia, Yeshi, umenisubiri chini miaka arobaini. Sasa ruka wewe, mimi nisubiri." Alisema hayo akiutazama usukani, si sisi. "Basi najifunza. Naiweka mashine nitakavyo mimi, nabonyeza pa kuhifadhi, inaniambia imehifadhi. Kesho yake nikiiwasha, haina habari nami."

"Inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani?" nikauliza.

"Ingekuwa ya kiwandani nisingekuja," alisema. "Inarudi kwenye yake yeye."

*

Alasiri ile nilikwenda naye. Nyumba ilikuwa nyuma ya shule, yenye ua mdogo na mti wa pilipili, na taka zake zilikuwa zimebaki majivu langoni. Chumba cha ndege kilikuwa cha mwisho. Kilinukia ubani na grisi, harufu mbili ambazo sikuwahi kuzikuta pamoja. Vibao vya mbele ya rubani vilikuwa vya mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya kijivu, kila swichi imeandikwa kwa mkono, kwa maandishi ya mtu asiye na haraka. Juu ya kiti palikuwa na mito miwili.

"Hiyo ni yangu," akasema Mama Yeshimebet. "Yeye alikuwa mrefu. Alikuwa akiingia kanisani anainama kwa sababu mbili."

Akanionyesha alivyopenda. Alitaka jicho la rubani lishushwe, kwa sababu yeye ni mfupi. Alitaka herufi kubwa, kwa sababu macho yake yamechoka. Alitaka ndege isimame Hawassa, kandokando ya ziwa, mahali penye njia ndefu iliyonyooka isiyomdai mwanafunzi mengi. Niliyapanga yote, nikahifadhi. Mashine ikakubali kwa adabu. Nikaizima, nikaiwasha tena.

Ziwa halikuwapo. Skrini zote tatu zilijaa ukungu mweupe, mzito, na ndani yake, kwa shida, njia ya udongo mwekundu iliyolowa. Injini zilikuwa tayari zinazunguka. Herufi zilikuwa ndogo kama mchanga. Na mwonekano wote ulikuwa wa juu kuliko kimo changu. Niliona dunia kwa macho ya mtu mrefu asiyekuwapo. Kwenye pembe ya skrini paliandikwa jina la kiwanja, Gore, na saa ya safari, kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mama Yeshimebet alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikitulia, kama mtu aliyesikia hatua alizozizoea uani.

"Ukungu huo ndio ulioniozesha," alisema. "Nilikuwa msichana, nikiuza kahawa pembeni ya kiwanja cha Gore. Ndege yake ilitua na chumvi, ukungu ukashuka, ikakaa siku tatu bila kuruka. Siku ya kwanza alikunywa vikombe vitatu. Siku ya pili vikombe tisa. Siku ya tatu nikamwambia, wewe kaka utakufa kwa moyo. Akasema, ndiyo, lakini si kwa kahawa." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Sasa niambie. Ni mashine, au ni yeye?"

"Ni mashine, mama."

"Hujaiangalia bado."

Ilikuwa kweli. Niliona haya.

Akaketi juu ya kigoda cha kahawa, netela mapajani. "Sikia, mwanangu. Kapteni alilazwa Addis. Mimi miguu haikuniruhusu kusafiri, basi kila siku nilipika, na binti yangu akapeleka kwa basi. Alikufa usiku wa Jumanne. Kwetu unajua, habari ya kifo haitupwi kwa mtu kama gazeti. Husubiriwa alfajiri, jamaa wakusanyike, ndipo aambiwe. Wakasubiri shangazi afike kutoka Jimma. Wakasubiri na mjomba. Siku mbili nilimpikia mtu aliyekwisha kuoshwa, na vyombo vilirudi vitupu." Alizikunja ncha za netela, akazikunjua. "Sitaki tena kufichwa. Ukiona ni waya, sema waya. Ukiona ni yeye, sema ni yeye. Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Chochote?"

"Chochote, mama. Nakuahidi."

Nilisema upesi, kama mtu anayekubali kikombe kabla hajaulizwa sukari vijiko vingapi.

*

Ijumaa nilianza kwa washukiwa wa kawaida. Niliangalia kama faili la mipangilio limefungwa lisiandikwe, halikuwa limefungwa. Kama diski imejaa. Ilikuwa na nafasi tele. Kama programu inaandika mahali pengine na kusoma pengine, hapana. Nilihifadhi, nikaliona faili likibadilika mbele ya macho yangu. Nikazima, nikawasha, na Gore ikarudi na ukungu wake.

Ndipo nikafungua daftari la safari. Kila inapowashwa, mashine ile huandika yenyewe kiwanja cha kwanza ambako injini zimezunguka zaidi ya dakika tano: siku, saa, kiwanja, muda. Nilitaka kuona jinsi mama anavyoitumia. Niliona safu ndefu ya siku moja baada ya nyingine, na kila siku mstari uleule. Gore. Dakika kumi, dakika kumi na tano. Na saa ilikuwa 02:10, 02:05, 02:12.

Saa nane za usiku.

"Mama," nikaita, sauti yangu ikijifanya ya kawaida, "huwa unarusha saa ngapi?"

Alikuwa jikoni akikaanga kahawa. "Asubuhi, saa mbili. Nikishakunywa kikombe cha kwanza."

"Usiku je?"

"Usiku nalala kama gogo. Kwa nini?"

Nilirudi kwenye daftari. Nilitafuta hata mstari mmoja wa asubuhi, wa mwanamke aliyekunywa kikombe cha kwanza, sikuupata. Palikuwa na saa nane za usiku tu, siku baada ya siku, mtu akikaa Gore na injini zikizunguka, hasogei, kana kwamba anangoja abiria. Mashine haikuwa imeunganishwa na mtandao wowote. Hakuna aliyeweza kuigusa kwa mbali. Nilikigusa kiti nilichokalia, na ngozi yake ilikuwa na joto, ambalo bila shaka lilikuwa langu mwenyewe.

Mama Yeshimebet alileta kahawa na bisi. Akanitazama usoni. Alimimina vikombe vitatu. Tulikuwa wawili.

"Basi ameshakufundisha kutetemeka," alisema Gudeta jioni dukani, niliponyanyua bisibisi ikaanguka mara ya pili. "Mwambie huyo kapteni, maadamu halali, aje anizibie na paa."

"Kaka Gudeta, kuna mistari kwenye daftari."

"Hata kwenye daftari langu kuna mistari ya watu waliokufa. Nao hawarudi." Kisha akaona uso wangu, akalainika. "Tolosa. Umesoma miaka minne. Usimwachie marehemu kazi yako."

*

Jumamosi nilifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa uani akichambua dengu za mfungo, kwa kuwa kesho yake mfungo wa Krismasi ulikuwa unaanza. Niliketi, nikaiwasha mashine, Gore ikaja. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuja kwake, na kuzoea huko kulinitisha kuliko ukungu.

Sikuwa na jipya la kujaribu. Niliegemea nyuma, macho yakazurura. Ukutani, juu ya kalenda ya kanisa, palikuwa na saa kubwa ya duara, mshale wake mfupi kwenye nne, mrefu umeipita kumi na mbili kidogo. Nikatazama pembe ya chini ya skrini. 04:02. Zinapatana, nikawaza, nikaridhika bila sababu, kama mtu anavyoridhika kuona picha imening'inia sawasawa.

Kisha nikatazama tena, ukutani na kwenye skrini.

Saa ya ukutani ya kwetu huandika kama tunavyotamka. Nne ni saa nne. Lakini kompyuta huhesabu kwa desturi ya wageni, tangu katikati ya usiku, na saa nne yetu ya asubuhi kwayo ni kumi. Kompyuta haipaswi kamwe kupatana na ukuta. Ikipatana, mmoja wao amedanganywa.

Saa nane za usiku hazikuwa za usiku. Zilikuwa saa mbili za asubuhi, zimeandikwa na mtu wa kwetu kwa namna ya kwetu. Aliyekuwa akikaa Gore na injini zikizunguka, hasogei, alikuwa Mama Yeshimebet mwenyewe, kikombe cha kwanza kikiwa tumboni, akiutazama ukungu kabla ya kwenda Hawassa.

Nikatazama mwaka. Nilikuwa nimeutazama mara mia siku zile tatu. 2017. Ulikuwa mwaka uleule wa kalenda ya kanisa, mwaka wetu, na jicho halishtuki likikutana na ndugu njiani. Lakini mashine hiyo ilizaliwa kwa wageni, na kwa hesabu ya wageni mwaka ulikuwa 2024.

"Mama," niliita kupitia dirishani, "nani aliiweka tarehe hii?"

"Mimi. Wakati wa mvua betri yake ndogo ilikufa, fundi mmoja akatia mpya, mashine ikauliza leo ni lini. Fundi alikuwa anafunga begi lake. Nikatazama ukutani, nikaijaza." Akaziweka dengu chini. "Nilikosea?"

"Ngoja kwanza niangalie," nikasema, na niliposema hivyo nilijua kwamba nimeanza kumficha.

Yaliyobaki yalijifungua yenyewe. Kapteni, kwa kuchoshwa na umeme unaokatika, alikuwa ameandika kiprogramu chake cha kulinda mipangilio. Nakala moja ndani ya mashine, nyingine kwenye kidiski kilichochomekwa nyuma. Kila mashine inapowaka, hulinganisha nakala hizo mbili, na iliyo mpya zaidi hushinda. Kilikuwa kiprogramu kizuri, kifupi, cha mtu mwangalifu. Nakala yake ya mwisho ilikuwa ya Desemba 2023, hesabu ya wageni, juma moja kabla ya kulazwa. Na kila alichokihifadhi mkewe baada ya hapo kilipigwa muhuri wa 2017. Machoni pa mashine, mama alikuwa mtu wa zamani, na marehemu ndiye aliyekuwa mbele yake. Kila asubuhi nakala mpya iliishinda ya zamani, na aliyekuwa mpya siku zote ni yeye aliyekufa.

Kulirekebisha lilikuwa jambo la nusu dakika. Ningeandika tarehe sahihi, mama angehifadhi mara moja, Hawassa ingekaa, herufi zingebaki kubwa, na Gore isingerudi tena. Ningeweza kunakili faili la Kapteni mahali pa pembeni, na nililinakili. Lakini faili lililowekwa pembeni ni kama picha ya ukutani. Lazima ulifuate. Halikujii lenyewe.

Nilizima mashine. Nikamwambia mama nitarudi. Aliinua uso kutoka kwenye dengu, akanitazama kwa muda, akasema, "Haya, mwanangu," na sikuweza kuyastahimili macho yake.

*

Binti yake alinifikia langoni. Tsige alikuwa mwalimu wa shule ile ya jirani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vyake vina chaki. Tulikuwa tumesalimiana tu siku zilizopita.

"Umeona kitu," alisema. "Nimekuona kupitia dirisha."

Nikamweleza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akafunga lango nyuma yake ili sauti zetu zibaki nje.

"Usimwambie."

"Nimemwahidi, dada."

"Umemwahidi siku mbili zilizopita, mtu usiyemjua. Mimi ni mwanawe." Alishusha sauti. "Tangu Tahsas mama alikuwa anakula kama ndege. Nilimwona anaisha. Betri ile ilipokufa na mambo haya yakaanza, akaanza kumaliza sahani. Anajitengeneza nywele asubuhi kabla ya kuketi pale. Unaelewa? Anajitengeneza nywele. Wewe unataka kumwambia kwamba anaivalia tarehe iliyokosewa?"

Nikayatazama majivu ya langoni.

"Mwambie ni waya. Mwambie haijulikani. Mafundi husema hivyo kila siku na hakuna anayekufa."

"Aliniambia kuhusu vyombo," nikasema. "Vilivyorudi vitupu."

Ng'ombe wa jirani walipita, nasi tukawapisha kama watu wasio na neno kati yao.

"Ni mimi niliyevirudisha," alisema hatimaye. "Chakula niliwagawia wagonjwa wa chumba cha pili. Vyombo nikaviosha bombani. Siku ya kwanza niliporudi akauliza, amekula? Nikasema amekula. Akauliza, ameomba nini kesho? Nikasema mayai. Sijui kwa nini nilisema mayai. Uongo ukishaingia ndani ya nyumba nao huomba chakula." Akajifuta chaki kwenye sketi, ikabaki palepale. "Kesho yake aliamka alfajiri kuyapika. Niliyabeba kwenye basi yakiwa ya moto mapajani. Ndiyo maana nakuomba. Najua uzito wake."

"Ndiyo maana siwezi," nikasema, nikashangaa kujisikia. "Nitakuja Jumatatu alfajiri."

"Alfajiri?"

"Kama habari ya kifo inavyotolewa."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana, au nimemtambua. Akaingia ndani bila kuaga.

Jumapili nzima nilitafuta mlango wa kutokea. Hakuna aliyenidai jibu. Ningeweza kusema nimepata kazi Adama, nikapita njia nyingine mpaka mwaka ugeuke. Huko chuoni nilikuwa nimedhani ukweli ni kama simu iliyotengenezwa: unaukabidhi juu ya meza, mwenyewe anautia mfukoni anakwenda zake. Sikuwahi kufikiri kwamba una saa yake, na kwamba unahitaji watu wa kukaa nao.

"Ulikwenda kutengeneza kompyuta au kuzika?" Gudeta aliniuliza, aliponikuta nimeketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa.

"Bado sijajua," nilisema. Safari hii hakutania.

*

Alfajiri za Hidar ni baridi ya kukata. Nilipofika, mbingu ilikuwa rangi ya majivu na jogoo mmoja alikuwa akijibishana na nafsi yake. Mtu alikuwa amesimama kwenye lango. Alikuwa Tsige. Alikuwa amejitanda netela, na pindo lake la rangi hakulishusha miguuni kama siku zote. Alikuwa amelipandisha juu, likamzunguka shingo, kama wafiwa wavaavyo.

"Bisha wewe," alisema. "Mimi mkono haunipandi."

Nikabisha. Tulisikia ndala zikija polepole. Mama Yeshimebet alifungua, nywele zake tayari zimesukwa. Aliniona mimi, akaona saa niliyokuja, akaona pindo shingoni mwa binti yake. Akashika nguzo ya lango.

"Nani?" aliuliza. "Nani tena?"

"Si tena, mama," nilisema. "Ni yuleyule."

Tuliingia. Tsige aliketi karibu naye, bega kwa bega, jinsi watu wanavyoketi kumzuia mtu asianguke. Nami nikasema yote. Nilieleza saa na mwaka, kidiski na kiprogramu, na mistari ya saa nane ambayo ilikuwa yake mwenyewe. Sikupunguza kitu wala sikuongeza pole katikati. Mama alisikiliza akizikunja ncha za netela yake, akizikunjua.

"Kwa hiyo ni mkono wangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikiiacha hivi?"

"Itaendelea kurudi Gore kila asubuhi. Miaka sita na miezi tisa. Halafu tarehe yako itaipita tarehe yake, na siku moja itaacha."

"Nitakuwa na sabini na sita." Alifikiri. "Niamke siku moja nisimkute, wala nisijue ni kwa nini."

"Mama," alisema Tsige. "Mama, yale mayai..."

"Najua."

"Hujui. Siku ile alikuwa ameshakufa. Mimi ndiye..."

"Baba yako hakula yai maisha yake yote, Tsige. Hata harufu yake hakuitaka. Uliposema ameomba mayai, nilijua."

Tsige akamgeukia. "Sasa mbona uliyapika?"

Nje jogoo alikuwa amenyamaza.

"Ulikuwa umeshanitazama vile," alisema. "Nikaona nikikataa, utaanguka palepale jikoni. Nikasema na apate japo usiku mmoja zaidi. Yeye, au mimi, au wewe. Sikujua nampikia nani."

Binti yake alilala mapajani mwake, akalia kwa sauti, kilio cha kifo kilichocheleweshwa mwaka mzima, na mama akakaa na mkono juu ya kichwa chake, macho makavu, mpaka majirani wawili wakasimama uani, wameisikia ile sauti katika ile saa, nao wamejitanda. Hakuna aliyewaeleza kitu. Waliingia, wakaketi.

Kulipopambazuka, Mama Yeshimebet alinyanyuka. Alikwenda chumba cha mwisho, nami nikamfuata. Aliwasha mashine mwenyewe. Ukungu ukaja, na udongo mwekundu, na injini zikizunguka. Safari hii hakupanda juu ya mito yake miwili. Aliisogeza kando, akaketi chini kabisa kwenye kiti cha mumewe, mahali ambapo hakuweza kuona njia, ila weupe mtupu. Alikaa hivyo kwa muda ambao sikuuhesabu.

Kisha akaniomba nimfungulie ile sehemu ya tarehe. Nikaifungua. Namba zilikuwa ndogo mno kwa macho yake. Akainyoosha shingo, kidole chake kikielea juu ya vitufe, hakijagusa.

"Leo ni lini," aliuliza, "kwa hesabu yao?"

Kwenye skrini ukungu ulisogea kidogo, kama usogeavyo Gore jua linapotaka kutoka, na nikaona kwamba ningeweza kukosea. Siku moja tu, mwaka mmoja tu, asingejua.

"Tarehe ishirini na tano, mama," nilisema. "Mwezi wa kumi na moja. Elfu mbili ishirini na nne."

"Sema polepole," alisema. "Tarehe kwanza."

Nikamsomea polepole.